Dawa zilizoachwa wiki ya kumi: uchambuzi wa kisa cha mjamzito mwenye lupus

Bi. R ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Alibeba mimba akiwa na lupus iliyowahi kumshambulia figo, na mimba hiyo ilipita mikononi mwa watu wengi: daktari bingwa wa hospitali ya rufaa, zahanati ya mtaani, muuza dawa, mkunga mmoja makini, mume na mama mkwe. Jina si lake, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha au kuyaondoa. Naandika kwa ajili ya wakunga na waganga wa zahanati, na kwa ajili ya wanawake wenye ugonjwa huu ambao kila siku wanaambiwa mambo yanayopingana.

Hoja yangu naitanguliza ili msomaji aipime dhidi ya kisa chenyewe. Kwa maoni yangu, madhara yaliyoweza kuepukika katika mimba hii yalitokana na dawa alizoziacha, si alizozinywa. Na aliziacha kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba dawa hizo zilikuwa za mtoto pia.

Ugonjwa na ujauzito

Katika lupus, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ngozi, viungo, damu, figo, hata moyo wa mwenyewe. Kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Kwa watu wenye asili ya Afrika ugonjwa huu hushambulia figo mara nyingi zaidi, na kwa ukali zaidi.

Kwa miongo mingi wanawake hawa walikatazwa kuzaa. Leo tunajua zaidi. Utafiti mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uitwao PROMISSE, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wajawazito 385 wenye lupus iliyotulia au isiyo kali. Asilimia 81 kati yao walimaliza ujauzito bila tatizo kubwa kwa mtoto. Lakini tuusome kwa uangalifu: wanawake waliokuwa na protini nyingi kwenye mkojo hawakuingizwa. Na miongoni mwa ishara zilizotabiri mabaya, iliyoongoza ni kingamwili iitwayo lupus antikoagulanti. Bi. R alikuwa nayo.

Historia kabla ya mimba hii

Mimba yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 24. Katika hudhurio la kwanza la kliniki, kipimo cha VDRL kilionyesha kaswende. Mume akapimwa, akakutwa hana. Wote wawili walichomwa sindano za penisilini kama inavyotakiwa, lakini nyumbani maneno yakaanza: ugonjwa umeletwa na nani? Mume akahamia kwa kaka yake kwa muda. Wiki ya 21 mtoto aliacha kucheza, na utrasaundi ikaonyesha amefariki tumboni. Kwenye kadi iliandikwa kwamba sababu ni kaswende, swali likafungwa hapo.

Mwaka uliofuata vidole vilianza kuvimba asubuhi, nywele zikawa zinakatika, vidonda visivyouma vikatokea ndani ya mdomo, na homa zikawa zinakuja jioni. Alitibiwa malaria na taifodi mara kadhaa. Mashavu na pua vikapata baka jeusi lililozidi kila alipokaa juani. Akaambiwa ni mkorogo, na hajawahi kuupaka. Jibu lilipatikana pale miguu ilipovimba na mkojo ukaonyesha protini nyingi. Vipimo vya kingamwili, ANA na ile ya dhidi ya DNA, vilithibitisha lupus. Kipande cha figo hakikuchukuliwa kwa sababu huduma hiyo haikuwepo karibu, kwa hiyo alitibiwa kwa kufuata mkojo na damu: prednisoloni, haidroksiklorokwini na maikofenoleti za kuituliza kinga, na enalaprili ya kupunguza protini. Baada ya mwaka na nusu hivi, protini ilikuwa imeshuka chini ya nusu gramu kwa siku.

Tangu alipogunduliwa aliambiwa sentensi moja tu kuhusu uzazi: “Wewe usizae.” Hakuulizwa kama angependa mtoto, wala hakupewa njia ya kupanga uzazi, ingawa alikuwa anakunywa maikofenoleti, dawa inayoharibu mimba na kulemaza watoto tumboni. Katazo lisilo na kitanzi wala maelezo si kinga. Ni kumwacha mgonjwa peke yake na bahati yake.

Maandalizi

Bi. R, akiwa ameshapatana na mumewe, alikwenda naye kwa daktari bingwa mwingine na kusema wazi kwamba wanataka mtoto. Daktari huyu hakukataa. Alisema, “Siyo sasa,” akaeleza lini na kwa masharti gani.

Sharti la kwanza lilikuwa ugonjwa utulie angalau miezi sita akiwa kwenye dawa zinazofaa ujauzito. Maikofenoleti ikaondolewa, kwani inatakiwa iachwe si chini ya wiki sita kabla ya mimba kutunga, na azathioprini ikachukua nafasi yake. Miezi ile ya kusubiri ilikuwa na kazi: kuona kama figo zitabaki shwari chini ya dawa mpya. Wakati huo alitumia kondomu. Haidroksiklorokwini iliendelea, kwa kipimo kisichozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, macho yakiwa yameshakaguliwa. Prednisoloni ilishushwa hadi miligramu 5. Enalaprili ilibaki, kwa makubaliano kwamba hedhi ikichelewa tu apime mkojo, na akikutwa mjamzito aiache siku hiyo hiyo, maana dawa za kundi hilo hudhuru figo za mtoto, hasa kuanzia miezi ya kati.

Sharti la pili lilikuwa vipimo vya damu, ambavyo familia ililipia sehemu kubwa. Majibu yalikuwa mazito. Lupus antikoagulanti ilikuwepo, na iliporudiwa baada ya wiki 12 ikawepo tena. Kingamwili ya anti-Ro ilikuwepo. Na kipimo cha TPHA, ambacho kwa kawaida hubaki chanya maisha yote kwa aliyewahi kuugua kaswende hata akitibiwa, hakikuonyesha kitu. VDRL ile ya zamani ilikuwa imedanganywa na kingamwili hizo hizo zinazogandisha damu kwenye kondo la nyuma. Mume alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba nakala ya majibu ampelekee mama yake.

Mtoto aliyefariki baada ya wiki ya kumi, pamoja na lupus antikoagulanti iliyoonekana mara mbili, vilitosha kutangaza kwamba ana ugonjwa wa damu kuganda unaopoteza mimba. Mpango ukawa asprini ndogo ya miligramu 75 kuanzia wiki ya 12, na sindano ya kila siku ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara moyo wa mtoto ukionekana kwenye utrasaundi.

Mwisho daktari aliandika vipimo vya kuanzia: shinikizo la damu 118/74, kreatinini ya damu (inayoonyesha kazi ya figo) 58, protini gramu 0.3 kwa siku, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na komplementi (protini za kinga) za kawaida. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyotuwezesha baadaye kusema kwamba kitu kimebadilika.

Wiki ya kumi

Mimba ilitunga mwezi wa nane wa kusubiri. Enalaprili iliachwa siku ya kipimo, heparini ikaanza wiki ya saba, na Bi. R akajifunza kujichoma mwenyewe tumboni. Wiki ya kumi alikwenda kuandikishwa kwenye zahanati ya mtaani. Mhudumu wa zamu, baada ya kuona mfuko wa dawa, akamwambia, “Dada, na mimba changa hivi unakunywa yote haya? Simamisha kwanza, utamuuliza daktari wako.” Njiani akapita duka la dawa kuuliza tena. Muuza dawa akasoma pakiti ya haidroksiklorokwini na kusema hiyo ni ndugu ya klorokwini, na klorokwini inatoa mimba.

Hakubuni jambo hilo. Klorokwini iliondoka katika matibabu ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001, lakini sifa yake ya kutumiwa vibaya kutoa mimba imebaki mitaani. Jioni mama mkwe akamalizia: “Mwanangu, dawa zote hizo mtoto atazibebaje?” Alisema kwa mapenzi, na alikuwa ameshazika mjukuu mmoja.

Bi. R aliacha haidroksiklorokwini na azathioprini. Prednisoloni aliendelea nayo kwa sababu viungo vilimuuma alipoikosa. Heparini hakuikosa hata siku moja, na asprini aliianza wiki ya 12 kama alivyoagizwa, ingawa mtaani inaogopwa vilevile. Kwa nini hizi azishike na zile aziache? Nilipomuuliza alijibu bila kusita: “Asprini na sindano zilikuwa za mtoto. Zile nyingine zilikuwa za kwangu, nikasema mimi nitavumilia.”

Wiki ya 12 daktari bingwa alimwona, akamuuliza kama anaendelea na dawa, akajibu ndiyo. Miadi ya wiki ya 16 ilipita kwa sababu ya mitihani ya shule. Wiki ya 20 alifika, lakini kipimo cha komplementi hakikuwezekana siku hiyo.

Jambo moja lilikwenda vizuri katika kipindi hicho. Mbele ya kadi yake ya kliniki daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Asipewe dawa zenye salfa. Ana lupus.” Kliniki zetu huwapa wajawazito SP ya kukinga malaria kuanzia miezi ya kati, na SP ina salfa, kundi la dawa lililoripotiwa kuchochea lupus na kuleta mzio kwa wagonjwa hawa. Mkunga wa zahanati aliusoma mstari huo, akaacha SP, akahakikisha ana chandarua chenye dawa, na akawa anampima malaria kila alipolalamika homa. Mstari mmoja kwa Kiswahili, mahali panapoonekana, ulifanya kazi yake yote.

Mapigo ya mtoto

Anti-Ro hupita kwenye kondo na inaweza kuharibu njia za umeme za moyo wa mtoto. Hutokea kwa takriban mimba moja hadi mbili katika kila 100 za wenye kingamwili hiyo, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na ya 26, na uharibifu ukikamilika haurudi nyuma. Hapa pia haidroksiklorokwini inahusika: kwa wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, imeonekana kupunguza kurudi kwake. Dawa aliyoiona kuwa “ya kwangu” ilikuwa inalinda moyo wa mwanawe.

Utrasaundi ya moyo kila wiki haikuwezekana. Mkunga yule yule alikubali kumsikiliza mtoto kwa kifaa cha dopla kila Jumatano jioni baada ya shule, akihesabu dakika nzima na kuandika. Chini ya mapigo 110, apige simu mara moja. Hayakushuka hata mara moja.

Mkojo wa wiki ya 23

Jumatano ya wiki ya 23 mkunga aliona uso umevimba. Shinikizo lilikuwa 138/88 na mkojo ulikuwa na protini alama tatu. Siku mbili nyuma Bi. R alikuwa ameshapita kituo kingine, akaambiwa ni presha ya mimba, akapewa methildopa na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Mkunga hakuuliza, “Unaendelea na dawa?” Alisema, “Naomba unionyeshe vidonge ulivyokunywa leo asubuhi.” Ndipo ukweli ukatoka, na machozi. Akapiga simu hospitali ya rufaa usiku ule.

Swali la hospitalini lilikuwa zito kuliko linavyoonekana: hiki ni kifafa cha mimba kinachoanza (hatua ya kabla ya degedege), au ni lupus imerudi kwenye figo? Vyote viwili huleta presha, uvimbe na protini, lakini tiba zake zinakinzana. Kifafa cha mimba kinatibiwa kwa kuzalisha, na wiki ya 23 kuzalisha ni kumpoteza mtoto. Lupus inatibiwa kwa kuituliza.

Walipima upande kwa upande. Kreatinini ilikuwa 96, na maabara haikuipigia mstari kwa sababu imo ndani ya kiwango cha mtu mzima wa kawaida. Lakini katika ujauzito kreatinini hushuka, mara nyingi chini ya 70, na yeye alianza na 58. Mkojo ulikuwa na chembe nyekundu za damu. Komplementi zilikuwa chini, wakati kwa kawaida mjamzito zake hupanda. Kingamwili ya dhidi ya DNA ilikuwa imepaa. Vimeng’enya vya ini, chembe sahani na yuriki asidi, ambavyo kifafa cha mimba huvivuruga, vilikuwa sawa. Viungo vilikuwa vimevimba na vidonda vya mdomo vimerudi. Uamuzi: lupus ya figo imeamka.

Alipewa methilprednisoloni kwa mshipa siku tatu, kisha prednisoloni miligramu 30 na kushuka taratibu. Haidroksiklorokwini ilirudishwa, na azathioprini ikapandishwa hadi miligramu 2 kwa kilo. Maikofenoleti haikugusika kwa sababu ya mtoto. Siklofosfamidi iliwekwa pembeni kwa hali ya kuokoa maisha tu. Takrolimasi ingefaa katika ujauzito, ila familia isingeimudu. Prednisoloni ilimtia mama mkwe wasiwasi, hivyo daktari alimweleza ana kwa ana kwamba kondo huivunja sehemu kubwa ya dawa hiyo kabla haijamfikia mtoto.

Safari hii daktari aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili ukabandikwa ndani ya kadi: majina ya dawa, kazi ya kila moja kwa mama, kazi yake kwa mtoto, na maneno “Zisisimamishwe bila kunipigia.” Kufikia wiki ya 28 protini ilikuwa imepungua kwa nusu na kreatinini imeshuka hadi 74.

Wiki ya 32

Wiki ya 32 alifika akiwa na kichwa kinachouma na macho yanayoona ukungu. Shinikizo lilikuwa 164/112. Safari hii picha ilikuwa tofauti: vimeng’enya vya ini vimepanda, yuriki asidi imepanda, chembe sahani zimeshuka hadi 110, komplementi hazikubadilika kutoka kipimo cha mwisho. Mtoto alikuwa mdogo kuliko wiki zake. Hiki kilikuwa kifafa cha mimba, kikipanda juu ya figo ambazo hazijapona.

Walishusha presha kwa nifedipini, wakaanza deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, na wakasimamisha heparini kwa ajili ya upasuaji. Magnesi salfeti ya kuzuia degedege walianza kwa gramu 4 mshipani, lakini dozi ya kuendeleza waliipunguza kwa sababu hutolewa mwilini na figo, wakawa wanapima mkojo kila saa, pumzi, na mshtuko wa goti. Walitaka kufikisha saa 48 za deksamethasoni. Saa ya 30 chembe sahani zilishuka hadi 84, wakaacha kusubiri. Kwa kuwa alikuwa kwenye prednisoloni kwa wiki nyingi, alipewa pia haidrokotisoni wakati wa upasuaji ili mwili usizidiwe.

Matokeo

Alizaliwa mtoto wa kike wa kilo 1.4, akalia mwenyewe. Alikaa wodi ya watoto njiti kwa wiki tano, muda mwingi akiwa kifuani kwa mama au kwa bibi yake kwa njia ya kangaruu. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa cha kawaida. Katika wiki ya sita alitoka mabaka ya duara usoni, na jirani akashauri dawa ya fangasi. Ilikuwa alama ya anti-Ro iliyovuka kutoka kwa mama. Alikingwa jua tu, na kufikia mwezi wa saba yalikuwa yametoweka pamoja na kingamwili za mama kuisha mwilini mwake.

Mama alibaki wodini siku kumi. Heparini iliendelea hadi wiki sita baada ya kuzaa, maana hatari ya damu kuganda huwa kubwa kipindi hicho. Alirudi kwenye enalaprili, ambayo inaruhusiwa akinyonyesha, kama zinavyoruhusiwa haidroksiklorokwini, prednisoloni na azathioprini. Protini ilibaki gramu 0.9 kwa siku. Daktari alipenda kumrudishia maikofenoleti mapema, lakini haifai kwa anayenyonyesha, na mtoto njiti anahitaji maziwa ya mama. Walikubaliana anyonyeshe miezi sita huku akipimwa kila mwezi, kisha wabadilishe.

Uchambuzi

Nianze na lililookoa: maandalizi. Bila vipimo vya kuanzia, kreatinini ya 96 ingepita kama ilivyopita maabara. Bila lupus antikoagulanti kutafutwa mapema, hakuna ambaye angeanza heparini, na naamini mtoto huyu angefuata njia ya wa kwanza. Miezi minane ya subira ilimpa Bi. R miguu ya kusimama ugonjwa ulipomrudia.

Mkunga wa zahanati namweka mbele ya wote. Hakuwa na mashine ya maana zaidi ya dopla, kipimo cha presha na vijiti vya mkojo. Alikuwa na ratiba, daftari, na namba ya simu ya mtu anayepokea. Mimba ya lupus kwetu itaendelea kutunzwa na watu kama yeye, kwa sababu madaktari bingwa wa ugonjwa huu ni wachache mno na wako mijini. Swali lake la vidonge vya asubuhi linafaa kuigwa popote. Bi. R hakumdanganya daktari aliposema anaendelea na dawa; aliendelea na tatu kati ya tano, na swali halikumtaka aseme zaidi.

Sasa kilichoshindikana. Ni rahisi kumlaumu mhudumu wa zamu na muuza dawa, na kweli hakuna aliyekuwa na haki ya kusimamisha dawa bila kupiga simu. Lakini wangejuaje? Barua ya daktari bingwa iliandikwa kwa Kiingereza, kwa madaktari, ikabaki kwenye faili la hospitali ya rufaa. Kadi, ambayo ndiyo inayosafiri na mama, ilikuwa na mstari wa SP tu. Daktari aliwaza dawa zipi asipewe, akasahau kuandika zipi asinyang’anywe. Ule ukurasa wa wiki ya 23 ungeandikwa siku ya kipimo cha mimba, zahanati ingekuwa na la kusoma na mama mkwe angekuwa na la kusomewa.

Kubwa zaidi ni maelezo yaliyogawa dawa katika mafungu mawili, za mama na za mtoto. Mwanamke aliyewahi kumzika mtoto atajinyima chochote kwa ajili ya wa pili. Ukimwambia haidroksiklorokwini ni ya viungo vyako, ataiacha na kuvumilia maumivu. Ukimwambia inazuia lupus isiamke na kulivamia kondo, na kwamba inasaidia kuulinda moyo wa mwanao, ataikumbatia kama Bi. R alivyoikumbatia sindano. Naiona hii kuwa ndiyo kazi ya kwanza ya daktari wa mjamzito mwenye lupus, kabla hata ya kuandika dozi.

Je, angeendelea na dawa, mimba ingefika wiki ya 37? Siwezi kudai hivyo. Lupus antikoagulanti na figo zilizowahi kuugua zinatosha peke yake kuleta kifafa cha mimba na mtoto mdogo, hata dawa zote zikinywewa. Ninachoweza kudai ni kwamba kuacha haidroksiklorokwini kunajulikana kuongeza mlipuko wa ugonjwa katika ujauzito, na kwamba aliingia miezi ya mwisho na figo zilizojeruhiwa upya.

Kuhusu VDRL, naomba nieleweke. Wengi wenye kipimo chanya wana kaswende kweli, kaswende huua watoto tumboni, na penisilini haitakiwi kucheleweshwa ili kusubiri uhakika. Aliyemchoma Bi. R sindano alifanya sawa. Kosa lilikuja baadaye, pale mtoto alipofariki ingawa mama alitibiwa, mume hana ugonjwa, na hakuna aliyerudi kuuliza. Kipimo cha kuthibitisha kingefungua njia ya lupus mwaka mzima mapema, na kingeiokoa ndoa aibu ambayo haikuwa yake. Vipimo vya haraka vinavyotumika sasa katika kliniki nyingi hutafuta kingamwili za kaswende yenyewe na havidanganywi kirahisi hivi, ila VDRL na ndugu yake RPR bado zipo, na kadi za zamani zilizoandikwa “kaswende” bado zimo makabatini mwa wanawake waliopoteza mimba.

Njia ya kupanga uzazi baada ya hapo

Kabla ya kutoka wodini suala hili liliamuliwa, halikusubiri hudhurio la wiki sita. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye lupus antikoagulanti kwa sababu vinaongeza kuganda kwa damu. Sindano na vijiti vya homoni moja vilijadiliwa, lakini kwa damu yake daktari alipendelea kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Kiliwekwa chembe sahani ziliporudi juu ya 150, naye akaanza maikofenoleti mtoto alipotimiza miezi sita.

Ameshauliza kuhusu mimba nyingine. Jibu alilopewa lina masharti yanayopimika: protini chini ya nusu gramu kwa siku, presha iliyotulia, miezi sita kamili kwenye azathioprini badala ya maikofenoleti, heparini na asprini tena, na ukurasa wa Kiswahili ndani ya kadi kuanzia hudhurio la kwanza. Kwa sasa protini ni gramu 0.6, na kitanzi kipo.